Maziwa ya Radhi

Dakta Shekigenda hakuwachukia wagonjwa. Wagonjwa aliwapenda, tena sana, kwa sababu yeye alikuwa daktari wa usingizi na wengi wao alikutana nao wamelala. Waliomchosha ni jamaa zao. Na jamaa zao hawakumchosha wakati mwingine wowote kama saa ya kuona wagonjwa, pale milango ya wodi ilipofunguliwa na nusu ya Tanga ikaingia na mahotipoti ya chakula.

Mchana ule alikuta ukoo mzima umepiga kambi koridoni. Shangazi wawili wamekaa kitako juu ya mkeka, chupa ya chai katikati yao. Mjomba mtu amesimama, anajifanya kusoma matangazo ya ukutani. Mbele yao kijana mmoja kavaa kanzu mpya, uso umemsawijika kwa wasiwasi.

"Shikamoo, daktari."

"Marahaba. Mmekuja kumwona nani?"

"Babu. Yule aliyepasuliwa ngiri." Kijana akashusha sauti. "Samahani, daktari, eti ameshawekewa maziwa?"

"Maziwa gani?"

"Yale. Ya radhi."

"Hapa hakuna dawa inayoitwa hivyo."

"Tunajua, baba," akadakia shangazi mmoja bila kunyanyuka, huku akimimina chai. "Lakini ameshawekewa?"

Dakta Shekigenda akasonya, akaingia wodini akiwaacha na chai yao. Angewajibu nini? Alishajibu mpaka koo likamkauka. Alishasimama kwenye redio ya mji akaeleza, alishabandika maelezo ukutani, yale yale ambayo mjomba mtu alikuwa akiyasoma bila kusoma.

Kinachokera zaidi ni kwamba dawa yenyewe ilikuwa nzuri. Ilikuwa propofoli, dawa ya usingizi ya siku nyingi, nyeupe kama maziwa ya kopo. Ukimtia mtu dozi kamili analala fofofo, wanampasua, wanamshona, hana habari. Wazee wakiita hali hiyo nusu kaputi. Lakini madaktari wa zamani waligundua kwamba ukimpa mtu kidogo tu, kama sehemu moja ya kumi ya ile ya kumlaza, halali, hafi ganzi, anaongea na wewe vizuri, ila kichefuchefu kinachowatesa watu baada ya upasuaji kinamwachia. Kwa nini kinaachia, waliosoma wanabishana mpaka leo.

Hospitali ile ilikuwa imeitengenezea pampu yake. Mgonjwa anapewa kitufe mkononi. Akikibonyeza na kukishikilia, dawa inaingia tone kwa tone. Akiachia, inakatika, na damu inajisafisha kabla chai haijapoa. Akisinzia, kidole kinalegea chenyewe na pampu inazima. Daktari peke yake ndiye mwenye ufunguo wa kuifanya iendelee bila kidole, na huo ni wa dharura.

Mambo yote yangekwenda sawa kama si mzee mmoja wa Chumbageni aliyekuwa hasemi na mwanawe kwa sababu ya kesi ya nyumba. Mzee alibonyeza kitufe, tumbo likatulia, akaangaza macho, akasema niitieni mwanangu. Akampa radhi pale pale, mbele ya mashahidi. Mwana hakuweza kunyamaza. Tangu hapo watu wakawa wanawaleta wazazi wao hospitali, jicho moja kwenye ugonjwa, jicho la pili kwenye pampu. Mwenye mchumba aliyekataliwa, mwenye shamba la kugawana, mwenye mke wa pili aliyemficha, wote walijua saa ya kuja.

Shekigenda aliwaambia kwamba dawa hailainishi moyo wa mtu. Mtu aliyetoka kutapika nyongo, ukimtuliza tumbo, atamwona kila aliye mbele yake ni mwema, hata mtoza ushuru. Hiyo si dawa, ni nafuu tu. Watu wakamsikiliza kwa heshima, wakaitikia kwa vichwa, kisha wakamuuliza inawekwa saa ngapi.

Na ukweli ambao hakuwahi kuusema redioni ni kwamba yeye mwenyewe hakuwa na hakika.

"Daktari." Alikuwa Tausi, muuguzi wa zamu, na mkononi ana beseni. "Bi Mwantumu katapika tena. Kitufe hataki hata kukigusa."

"Hataki kwa nini?"

"Kamuulize mwenyewe. Mimi kaniambia nina macho ya kichawi."

*

Bi Mwantumu alikuwa kitanda cha dirishani, ameinuliwa mito mgongoni, kichwa kimefungwa bandeji upande wa kulia. Sikio lake la kushoto lilikufa kwa surua angali mtoto. La kulia ndilo alilokuwa akiishi nalo, nalo kijifupa chake kimoja kiliganda uzeeni, kikawa hakitikisiki. Asubuhi ile alikuwa amewekewa kingine, kidogo kuliko punje ya mchele, kilichooteshwa maabara kutokana na mfupa wake mwenyewe.

Kijifupa cha namna ile hakishonwi. Kinawekwa mahali pake kikae, kama mgeni aliyeketi ukingoni mwa kiti, mpaka nyama ikishike. Hadi kesho yake asubuhi mwenye sikio hatakiwi hata kupiga chafya, sembuse kutapika. Kikichomoka kinachana utando wa ndani kabisa, na hapo hakuna fundi awezaye kurudisha kitu. Dawa za kawaida za kuzuia kutapika zilikuwa zimemvuruga mapigo ya moyo tangu chumba cha upasuaji, kwa hiyo zikaondolewa. Ilibaki ile nyeupe.

Kwa kuwa sikio moja lilikuwa limekufa na la pili limezibwa pamba, juu ya kitanda walimning'inizia kioo kilichoandika kila neno linalosemwa karibu yake. Kilikuwa kifaa cha kisasa, nacho hakikuwa na adabu hata chembe.

"Bi Mwantumu," akasema Shekigenda, akangoja maneno yatokee. "Nasikia umekataa dawa."

Mama akasoma. Akajifuta mdomo kwa pindo la kanga. "Nimekataa."

"Kwa nini, mama yangu?"

"Mwanangu yuko nje?"

Tausi akachungulia mlangoni, akatikisa kichwa kukubali.

"Basi ndiyo sababu."

Shekigenda akasonya. Kioo kikaandika, kwa herufi safi kabisa: Daktari anasonya.

"Unanisonya mimi?" akauliza Bi Mwantumu.

"Si wewe, mama. Naisonya hali."

"Hali haikusikii. Kaa nikwambie."

Akakaa. Bi Mwantumu alizungumza taratibu, macho kayafumba nusu, akimeza mate kila baada ya maneno machache, kama mtu anayebeba ndoo iliyojaa pomoni. Mwanawe huyo, Saumu, ni kitinda mimba wake na ni fundi bomba. Kapata kazi kwenye kituo cha Mwezini. Mkataba wa miaka saba.

"Miaka saba," akasema. "Wewe daktari, niambie. Miaka saba kule mifupa ya mtu inakuwaje?"

Shekigenda alijua inakuwaje. Wanaokaa kule zaidi ya miaka minne au mitano mifupa yao inazoea wepesi, na uzito wa duniani hawauwezi tena. Kila mkataba uliandika kwamba watu watarudi. Hakuna aliyekuwa amerudi.

"Inalainika," akasema.

"Inakuwa kama biskuti kwenye chai, sema hivyo. Mabomba ya Tanga yamekwisha kutengenezwa yote, mpaka mtu akatafute mengine mwezini? Kaniomba radhi, nikamnyima. Hajaniudhi kwa jingine lolote, ni mtoto mzuri, lakini radhi ya kwenda huko sinayo. Basi shangazi yake akamshauri, subiri mama yako apasuliwe, awekewe maziwa, atalegea tu. Wanasema jikoni wakidhani sisikii. Nilikuwa bado nasikia kidogo."

"Mama, dawa hii hailegezi mtu. Nimeshasema mpaka nimechoka. Ni nafuu tu..."

"Una hakika?"

Kioo kikaliandika lile swali, likakaa pale juu likimtazama daktari.

"Ehe," akasema Bi Mwantumu.

Pale pale uso ukamgeuka rangi. Tausi akawahi na beseni, Shekigenda akamshika kichwa kwa mikono miwili kisitikisike. Alipomaliza alikuwa amelowa jasho, na mkono mmoja umeinuka wenyewe kuelekea kwenye bandeji.

"Hilo sikio," akasema Shekigenda, na safari hii sauti ilimtoka kali, "ndilo pekee ulilobaki nalo. Ukitapika hivi mara moja mbili zaidi, limekwenda. Utamnyima mwanao radhi na utalipoteza na sikio, upate hasara zote mbili kwa mkupuo. Hebu niambie faida iko wapi."

Bi Mwantumu akasoma mpaka mwisho.

"Nitabonyeza," akasema. "Lakini wewe utaniapia. Nikiwa na hiyo dawa mwilini, nikimtaka Saumu, usimlete. Nikilia, usimlete. Nikikwambia nimebadili nia, ujue hayo ni maziwa, siyo Mwantumu."

"Mama, hili jambo lako na mwanao mimi linanihusu nini? Mimi ni wa usingizi."

"Unaapa, au mlete beseni?"

Ndivyo alivyojikuta, mtu mzima na elimu yake, amesimama katikati ya wodi akila kiapo. "Haki ya Mungu, simleti." Kioo kikayaandika na hayo.

Bi Mwantumu akakichukua kitufe, akakibonyeza.

*

Koridoni, mbali kidogo na mkeka wa wale wenye babu, alikuwa amesimama mwanamke wa miaka thelathini na ushei, kavaa sare ya buluu ya wafanyakazi wa Mwezini, begi moja miguuni. Shekigenda alimjua bila kuambiwa. Kidevu kilikuwa kile kile cha mama yake, na kimeinuliwa vile vile.

"Shikamoo, daktari."

"Marahaba. Wewe ndiye Saumu. Nenda zako, mwanangu. Leo hakuna radhi hapa."

Saumu hakuondoka. "Amebonyeza?"

"Unaona? Hukuuliza anaendeleaje. Umeuliza kama amebonyeza." Alikuwa ameanza na sasa hakuweza kujizuia. "Mama yako yumo mle anatapika roho, kijifupa cha sikio kinaning'inia, na anakataa dawa kwa sababu yako. Kwa sababu anajua umekuja kumvizia. Huoni haya?"

"Naona," akasema Saumu. "Nimekuja kumvizia, ndiyo. Anaendeleaje?"

Shekigenda alikuwa amejiandaa kwa ubishi, na mtu anayekubali kosa namna ile humwacha mgombezi na hasira mkononi bila pa kuiweka.

"Ametulia sasa," akasema. "Akikaa hivi mpaka asubuhi, atasikia."

Saumu akashusha pumzi. "Nimemwomba akiwa mzima, daktari. Nimemwomba Ramadhani, nikamwomba Idi, nikamtuma kaka, nikamtuma shehe. Kila siku ananipikia, ananiuliza kama nimekula, na radhi hataki kunipa. Gari la kutupeleka kwenye chombo cha Mwezini linaondoka baada ya alasiri. Siwezi kupanda bila radhi yake, na siwezi kuacha kwenda."

"Kwa nini usiache? Mabomba yapo hata hapa."

"Kule maji ni yale yale, yanazunguka. Bomba likivuja wanakufa watu wote. Mimi ni fundi mzuri kweli kweli, daktari, na hapa mtu pekee aliyewahi kuniambia hivyo ni huyo mama aliyeko humo ndani."

"Na radhi ya maziwa, hiyo nayo ni radhi?"

Saumu akatazama begi lake. "Sijui. Nilidhani hata hiyo ingenitosha."

Jibu hilo lilimuudhi Shekigenda kuliko yote. Ingekuwa rahisi sana kama huyu binti angekuwa mjinga au mwenye tamaa. Akamwambia akae kwenye benchi, asiingie, asichungulie, kisha akarudi ndani akiburuta miguu.

*

Bi Mwantumu alikuwa amepata rangi. Jasho lilikauka, mabega yalishuka, na kidole gumba kilikuwa juu ya kitufe, kimetulia. Alikuwa anamwambia Tausi namna ya kuunga samaki wa nazi, na Tausi anaitikia.

"Daktari," akasema alipomwona. "Mwiteni Saumu."

Tausi akamtazama Shekigenda. Shekigenda akatazama dari.

"Umesikia?" akanong'ona Tausi. "Anamtaka."

"Nimeapa."

"Uliapa kumnyamazisha mgonjwa. Angalia alivyo sasa. Binti yuko hapo nje, gari linamwacha. Funga pampu kwa ufunguo wako, isizime hata kidole kikiteleza, nimlete mtoto apate radhi yake. Sikio litapona, mtoto ataondoka na amani, mama atalala. Nani ataumia?"

Shekigenda alitafuta ni nani ataumia. Alitafuta kwa bidii, kwa sababu alikuwa amechoka na alitaka asimpate. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa koti lake. Kwa kuuzungusha mara moja tu, kila mtu katika ile hospitali angepata alichokuja kukitafuta, naye angekwenda kunywa chai. Aliyebaki ni yule mwanamke wa dakika chache zilizopita, aliyelowa jasho na kumwambia ujue hayo siyo Mwantumu. Yule ndiye ambaye angenyang'anywa kitu, na ajabu yake ni kwamba hayupo tena pale kitandani wa kulalamika.

Lakini je, huyu wa sasa, anayetoa maelekezo ya samaki kwa akili timamu, yeye si Mwantumu? Nani kasema mtu anayetapika ndiye mwenye nia ya kweli, na aliyepata nafuu ni mwongo? Shekigenda aliyazungusha hayo kichwani, na kila alipoyazungusha yalimrudisha alipoanzia, na akatamani angesomea meno.

"Hata kama ni dawa," Tausi akaendelea, "si ni dawa nzuri?"

"Dawa itakapomtoka kesho atajua kwamba tulimwingiza mwanawe amlegeze. Sisi tuliomwapia."

"Kesho atakuwa anasikia, daktari. Wacha anitukane huku anayasikia matusi yake mwenyewe."

"Kabishaneni nje," akasema Bi Mwantumu. "Nawasoma."

Wote wawili wakainua macho kwenye kioo. Mabishano yao yote yalikuwa pale juu, neno kwa neno, hadi ufunguo.

Shekigenda akavuta pumzi. "Mama, uliniambia nisimlete."

"Nakumbuka. Sijapotewa na akili. Nilikwambia nikiwa na dawa mwilini."

"Ndiyo."

"Basi," akasema Bi Mwantumu, "isiwemo."

Akanyanyua kidole. Pampu ikalia mara moja, ikanyamaza.

"Bonyeza, mama."

"Ikishanitoka, niulize tena."

"Ikishakutoka utatapika. Nimekwambia habari ya hilo sikio, nikakwambia tena. Bonyeza, nakuomba."

"Sikio ni la nani?"

Tausi akakinyanyua kitufe, akakirudisha mkononi mwake na kumkunja vidole juu yake. Bi Mwantumu akavikunjua kimoja kimoja, kwa upole, na macho yake hayakubanduka kwa daktari. Shekigenda aliona mkono wake mwenyewe uko mfukoni na vidole vimeshika ufunguo. Aliutoa. Alikuwa na haki ya kuutumia. Dharura hii kama si dharura, ni ipi? Akausogeza mpaka kwenye tundu la pampu.

Halafu akamkabidhi Tausi.

"Kauweke ofisini," akasema. "Nenda nao mbali. Ukirudi uje na beseni kubwa."

Alikuwa na hasira ya kumtoa machozi. Hasira juu ya mama, juu ya binti, juu ya shangazi wa jikoni, juu ya mji mzima ulioishika dawa ya tumbo ukaigeuza kadhi. Akavuta kiti, akangoja damu ijisafishe.

Haikuchukua muda. Kwanza vidole vya Bi Mwantumu vilikunja shuka. Kisha midomo ikakauka, paji la uso likaanza kung'aa, na koo likawa linapanda na kushuka. Shekigenda akamshika kichwa.

"Bi Mwantumu. Sasa huna dawa. Unamtaka Saumu?"

Akasoma.

"Simtaki."

Faraja ilimjaa Shekigenda. Akakinyakua kitufe. "Basi bonyeza, mama, bonyeza haraka..."

Bi Mwantumu akausukuma mkono wake. "Sijamaliza. Simtaki, nina hasira naye. Mlete."

*

Saumu alipofika miguuni mwa kitanda alitaka kupiga magoti. Mama yake akamzuia kwa kiganja.

"Simama hapo hapo. Tazama kidole changu kiko wapi."

Saumu akatazama. Mkono wa mama yake ulikuwa juu ya shuka, mtupu, na kitufe kinaning'inia kwenye waya wake.

"Umekiona? Usije ukakaa huko juu ukajidanganya kwamba mama yako alilegea. Sijalegea. Sijapenda, na sitapenda hata kidogo. Ningekuwa na nguvu ningekufunga kamba. Lakini wewe ni mtu mzima na kazi unaijua, na mimi siwezi kukuacha uende..."

Hapo tumbo likamshinda. Shekigenda alikibana kichwa kile kati ya viganja vyake kwa nguvu zake zote, kana kwamba angeweza kukishikilia kijifupa kwa nje. Tausi, aliyekwisha kurudi, akaweka beseni kubwa. Saumu akapiga hatua mbele, mama yake akamzuia tena kwa kile kile kiganja, kabla hata hajamaliza.

"Siwezi kukuacha uende bila radhi," akasema, sauti imekwaruza. "Radhi yangu unayo. Ya maziwa niliyokunyonyesha, ya tumbo nililokubebea, yote. Sikudai kitu duniani wala huko. Mungu akutangulie."

Akatapika tena, safari hii kwa nguvu, na katikati yake akatoa sauti ndogo kama mtu aliyejikwaa. Shekigenda aliihisi viganjani. Mara akakitwaa kitufe, akakitia mkononi mwa Bi Mwantumu, na sasa mama hakubisha. Akabonyeza kama mtoto anayetii, akajilaza kwenye mito.

Macho yake yalikuwa yanacheza. Yanakimbilia upande mmoja, yanarudi, yanakimbia tena, haraka haraka, bila yeye kutaka. Shekigenda alilijua lile. Ndani ya sikio mna maji, na maji yale yakivuja dunia humzunguka mtu namna hiyo hiyo. Tausi naye aliona, akageukia dirishani.

Saumu alikuwa ameshapiga magoti. Aliuchukua mkono wa mama yake usio na kitufe, akaubusu, akauweka kichwani mwake.

"Nimepokea, mama," akasema. "Nikifika tu nitakupigia. Utanisikia kwa sikio lako mwenyewe." Kisha akamwinulia daktari uso uliolowa. "Daktari, sikio lake ni zima?"

Siku nzima Shekigenda alikuwa amegombana na watu kwa ajili ya ukweli. Aliukatalia uongo uliokuwa mtamu kwa kila mtu, akautoa hata ufunguo nje ya wodi. Alimtazama Saumu. Akaona kwamba akisema neno moja, hili begi halitapanda gari, na mama mtu atakuwa amelipa bei yote asipate alichokinunua.

"Zima," akasema. "Nenda, mwanangu, gari litakuacha."

Akaenda. Alirudi mlangoni mara moja, akatazama, akaenda. Hatua zake zilisikika koridoni, kisha zikachanganyika na za watu wengine.

Dawa ilianza kumkolea Bi Mwantumu. Rangi ilirudi mashavuni. Akafumbua macho, akajaribu kutazama juu kwenye kioo, ambako maneno ya mwisho ya mwanawe yalikuwa bado yameandikwa.

"Kasema nini?" akauliza, kwa ile sauti kubwa ya mtu asiyeisikia sauti yake mwenyewe. "Herufi zinanichezea, sizioni. Nisomee, daktari."

Dakta Shekigenda akasogeza kiti mpaka kikagusa kitanda, akaketi, akamsomea, ingawa alijua hamsikii.